Boksi la filamu tatu za Sembène: uzoefu wangu wa kulitazama Temeke

Kama unapenda filamu za Kiafrika na una namna ya kuagiza kitu kutoka nje, agiza hili boksi. Naanza na jibu kwa sababu najua wengi wetu tunasoma mistari ya juu tu tukitafuta kuambiwa ninunue au nisinunue. Nunua. Ila usilipie kabla hujafika kwenye habari ya deki huko chini, maana hapo ndipo hela ya mtu wa Dar inapopotea.

Boksi lenyewe linaitwa Three Revolutionary Films by Ousmane Sembène. Limetolewa na kampuni ya Criterion ya Marekani mwaka 2024, kwenye diski za Blu-ray, zile zenye picha kali kuliko DVD. Lina filamu tatu za huyo Sembène, mwandishi na mwongozaji wa filamu wa Senegali: Emitaï ya 1971, Xala ya 1975 na Ceddo ya 1977. Pamoja nazo kuna kijitabu, mazungumzo kuhusu Sembène, na filamu ya hali halisi inayoonyesha jinsi Ceddo ilivyopigwa. Zote tatu zimesafishwa upya kwa kiwango cha 4K. Mimi boksi langu lilikuja kwenye begi la ndugu aliyekuwa anarudi likizo, na kwa vitu vya namna hii hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Kwanza picha. Xala nilikuwa nimeshaiona zamani, nakala ya kurushiwa kwenye flashi: rangi zimekufa, sura za watu zina ukungu, na maandishi ya tafsiri yamekatwa chini kiasi kwamba nusu ya maneno unabahatisha. Kwenye diski hii unaona jasho. Unaona uzi wa dhahabu kwenye kanzu za wageni wa harusi, na gari la zawadi ya bibi harusi limefungwa utepe kama keki. Kuna tukio moja ambalo nilikuwa nimelipita bila kujua nina nini mbele yangu. Rama, binti wa tajiri El Hadji, amesimama ofisini kwa baba yake, na nyuma yake ukutani kuna ramani ya Afrika isiyo na mipaka ya nchi. Rangi za ramani ile ndizo rangi za nguo aliyovaa. Kwenye nakala ya flashi ukuta wote ulikuwa wa kijivu. Baba anamkaribisha maji ya chupa kutoka Ufaransa, binti anakataa, anasema yeye hanywi maji ya kuletwa kutoka nje. Baba anaongea Kifaransa, binti anajibu Kiwolofu. Mambo yote hayo yamo kwenye fremu moja, na bila usafi wa picha unabaki na maneno peke yake.

Sauti ni mono, yaani ya mkondo mmoja tu, imetulia, haina mikwaruzo. Sina zaidi la kusema hapo.

Nilitazama na mama. Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu, rimoti mkononi. Xala ilimchukua tangu dakika za mwanzo. Mfanyabiashara mkubwa anaoa mke wa tatu, usiku wa harusi nguvu za kiume zinamwishia, anaanza kuzunguka kwa waganga. Mmoja anamwagiza atambae kwa magoti na mikono kumfuata bibi harusi, hirizi ameing'ata menoni. Mwingine anamtibu kweli, lakini malipo yake anapokea kwa hundi. Mama alicheka hadi akajifuta machozi: "Mganga anachukua hundi! Subiri uone." Na alijua kabla yangu kwamba hundi ile haitakuwa na kitu nyuma yake.

Kicheko kiliisha pale polisi walipowabeba ombaomba na vilema kwenye gari na kwenda kuwatupa mbali nje ya mji, kwa sababu tajiri anaona wanamchafulia mtaa. Baadaye unawaona wakirudi kwa miguu, wengine wanajikokota mchangani. Sisi wa Dar tumeshaona operesheni za kuwaondoa ombaomba mjini, na tumeshaona wakirudi. Mama hakusema kitu, akanifanyia tu ishara nisisimamishe. Mwisho wa filamu sitausimulia. Ni mzito, na una haki ya kuufikia mwenyewe.

Kwangu mimi, lakini, filamu iliyolipa gharama ya boksi zima ni Emitaï. Mambo yake yanatokea Casamance, kusini mwa Senegali, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wafaransa wameshachukua vijana kwenda vitani, sasa wanataka na mpunga. Wanawake wa Kijola, ambao ndio wanaoulima na ambao kwao mpunga ni kitu kitakatifu, wanauficha. Wanakamatwa, wanakalishwa juani mchana kutwa, na hawasemi ulipo. Wanaume wamejificha kwenye mti wa matambiko wanabishana: miungu inasemaje, tupigane au tutoe mpunga, mbona miungu imenyamaza? Filamu haina haraka kabisa. Ukizoea sizoni za Kikorea unaweza kudhani imeganda. Vumilia, maana lile jua la wale kina mama unatakiwa ulisikie kichwani mwako.

Mama ni Mmatumbi wa Kilwa. Vita vya Maji Maji vilianzia kwao, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima na Wajerumani. Alikua akisikia habari hizo kwa wakubwa, si kwenye kitabu cha shule. Kwa hiyo wazee wa Kijola walipoanza kuulizana kama miungu inazidi bunduki, sikuwa na haja ya kueleza chochote. Alisema, "Na kwetu waliulizana hivyo hivyo," akaanza kunisimulia mambo ya bibi yake ambayo sijawahi kuyasikia maishani mwangu. Tulisimamisha diski, tukaongea, chai ikapoa, tukaendelea kesho yake. Nimenunua filamu nyingi na hakuna iliyowahi kunifanyia hivyo.

Kuna pia tukio fupi la kuchekesha lenye uchungu ndani yake. Ufaransa imebadilisha mkubwa. Picha ya Pétain inabanduliwa, ya de Gaulle inabandikwa. Askari mmoja Mwafrika, ambaye ni Sembène mwenyewe anaigiza, haelewi: itakuwaje jenerali wa nyota mbili ampindue marshali wa nyota saba? Wanabishana hapo kwa dhati, huku wale kina mama bado wako juani. Kwa kijiji hakuna kilichobadilika.

Ceddo ndiyo ngumu, na nawaambia wazi wale mtakaoitazama na familia ya Kiislamu kama yangu. Ni habari za watu wa kawaida wanaokataa kusilimishwa kwa nguvu na imamu aliyejipenyeza kwa mfalme. Mfalme anakufa, imamu anakalia kiti, watu wananyolewa vichwa na kupewa majina mapya mstari mzima. Pembeni yuko padri wa Kizungu ambaye kanisa lake karibu ni tupu, na mfanyabiashara wa Kizungu anayetoa bunduki na pombe ili apewe watumwa. Sembène mwenyewe alitoka katika familia ya Kiislamu, na hii filamu serikali ya Rais Senghor iliizuia kwao Senegali kwa miaka, kwa kisingizio kwamba jina la filamu limeandikwa kwa herufi d mbili badala ya moja.

Katikati mama aliniomba nisimamishe, akaenda kuswali magharibi. Nilidhani ndiyo basi. Alirudi akaketi, akasema, "Endelea, nataka kumwona huyu mtu mwisho wake." Baadaye tulibishana sana. Kwake yeye yule si imamu bali ni mtaka madaraka aliyevaa kanzu, na dini haina kosa lake. Mimi naona Sembène alikwenda mbali zaidi ya hapo: aliuliza nani ana haki ya kuja kumwambia mtu kwamba jina alilopewa na mama yake halifai. Hatukukubaliana. Jambo ambalo hatukubishana ni lile soko la watu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa, na watu wakipigwa chapa kwa chuma cha moto huku zikisikika nyimbo za kanisani za watu weusi wa Marekani, nyumba nzima ilikaa kimya. Muziki wa filamu hii ni wa Manu Dibango, na ni mzuri mno.

Hapo hapo niseme kuhusu lugha, maana ndiyo kasoro kubwa ya boksi hili kwetu. Maandishi ya tafsiri ni ya Kiingereza tu. Kiswahili hakimo, na kwenye matoleo ya namna hii sijawahi kukiona. Inaniuma, kwa sababu filamu hizi zilitengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wasiosoma. Sembène alianza na riwaya, akageukia kamera ili awafikie watu wa kijijini ambao vitabu vyake havikuwafikia. Sisi waliokulia kwenye vibanda umiza tunajua kutafsiriwa filamu na mtu mwenye sauti. Enzi za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu kwa sauti, watu walielewa filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani bila kusoma neno. Kwa hiyo nilifanya kazi hiyo mwenyewe. Na niligundua Ceddo inatafsirika kirahisi kuliko zote, kwa sababu mbele ya mfalme hakuna anayeongea moja kwa moja: maneno hupitia kwa msemaji, msemaji huyarudia, na wewe unapata nafasi ya kumwambia mama kilichosemwa. Xala ina maneno ya haraka, hapo utabonyeza rimoti sana.

Filamu ya hali halisi iliyomo ni ya Paulin Soumanou Vieyra, ya mwaka 1981. Vieyra alizaliwa Porto-Novo mwaka 1925 na ndiye mmoja wa waliotengeneza filamu ya Afrique-sur-Seine mwaka 1955, kwa hiyo anayemchunguza Sembène hapa ni mtu wa kazi hiyo hiyo. Unamwona mzee akifanya kazi na watu wake, unaona jinsi kundi la wanakijiji linavyopangwa mbele ya kamera. Kijana yeyote anayepiga filamu Dar kwa vifaa vya kuazima ningemkalisha aitazame kabla ya hizo tatu zenyewe.

Sasa deki. Sikilizeni vizuri. Diski za Blu-ray zimegawanywa kwa kanda tatu za dunia. Marekani, Japani na Korea ziko A. Afrika, Ulaya, Mashariki ya Kati na Australia ziko B. China, India na Urusi ziko C. Boksi hili ni A. Deki ya kawaida iliyoletwa kwa soko letu ni ya B, na hii diski haitaisoma. Utaletewa ujumbe kwenye tivii na mambo yataishia hapo. PlayStation nayo imefungwa vivyo hivyo. DVD ni hivyo hivyo kwa namba: Marekani ni 1, Tanzania ni 5.

Nilijua hilo mapema, ndiyo maana nilikwenda Kariakoo na diski mkononi. Duka la kwanza niliambiwa kwa uhakika kabisa kwamba deki inasoma kila kitu. Nikaomba waijaribu. Haikusoma. Muuzaji akaanza kunieleza kwamba diski yangu ni feki. Hawa wauzaji wengi si waongo kwa makusudi: deki nyingi zilizoandikwa kwamba zinasoma kanda zote husoma kanda zote za DVD tu, na Blu-ray inabaki B. Usikubali maneno ya boksi. Nenda na diski, iingizwe, uone menyu imefunguka, ndipo utoe hela. Mimi mwishowe niliagiza deki iliyofunguliwa kanda za Blu-ray, ikaja kwa njia ile ile ya begi, na ndiyo iliyoongeza gharama ya jambo zima. Diski za 4K Ultra HD zenyewe hazifungwi kwa ukanda, lakini boksi hili si la aina hiyo: picha zilisafishwa kwa 4K, diski zenyewe ni Blu-ray za kawaida.

Kwa hiyo kama huna deki ya namna hiyo na huna mpango nayo, usianze na boksi hili. Fuatilia ratiba za Alliance Française, kile kituo cha utamaduni wa Kifaransa pale Upanga, au ukipata nauli ya boti nenda ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, filamu za Kiafrika za zamani huonekana mara nyingine sehemu hizo. Au tafuta matoleo ya Uingereza, ambako diski nyingi ni B kama zetu. Mandabi, filamu ya Sembène ya 1968, ya kwanza ndefu ya Kiwolofu, ilitolewa huko na kampuni ya StudioCanal mwaka 2021. Hiyo ndiyo nimeagiza sasa, na mama ameshaniuliza kama na hiyo ina mganga. Ikifika nitaijaribu kwanza kwenye deki ya kawaida ya jirani yangu, ili wenye deki kama hiyo wajue kabla hawajalipa.