Mashine ya wembe: nunua hivi vya kuisafishia, kwa mpangilio huu

Wengi wanaonyoa kwa mashine ya chuma, ile ya kuzungusha mpini ndipo kifuniko kifunguke, wanahofia kutu. Mimi nahofia zaidi ule utando mweupe unaoganda mahali wembe unapolala. Ni sabuni iliyoshikana na chokaa ya maji. Sisi wa Pwani tunaoogea maji ya visima vya kwenye mawe ya matumbawe tunaujua, maana chokaa hiyohiyo ndiyo inayoganda ndani ya birika. Ikizidi, wembe haukai sawa: upande mmoja unachomoza kuliko wa pili, na shingo inachanika.

Kwa hiyo cha kwanza kununua ni mswaki laini na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Hakuna kinachovishinda. Kila wiki toa wembe, tenganisha vipande vyote, sugua kwa maji ya vuguvugu, suuza, kausha kwa kitambaa. Anayefanya hivi hatahitaji vingi katika vinavyofuata.

Cha pili ni siki nyeupe, kwa chokaa iliyokwisha kuwa sugu. Changanya na maji nusu kwa nusu, loweka dakika tano tu, kisha suuza sana. Mashine nyingi za bei nafuu ni aloi ya zinki iliyopakwa kromiamu. Asidi ikipata mkwaruzo, inapenya na kuila zinki kwa chini. Niliwahi kulaza kwenye siki usiku kucha mashine aliyoniachia marehemu baba. Asubuhi kromiamu ilikuwa imebabuka. Bado inaniuma. Ndimu nayo ni asidi, usidhani ni mpole. Mashine ya chuma cha pua huvumilia zaidi.

Cha tatu, spiriti ya asilimia 70. Usilipie zaidi ukitafuta kali kuliko hiyo, kwani maji yaliyomo ndiyo yanayoisaidia kuua vijidudu. Haiondoi chokaa, wala haihalalishi kuazimana wembe. Homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu kidogo mno usiyoiona kwa macho. Kila mtu na wembe wake, hata baina ya ndugu.

Kisimamio nakiweka cha nne, na ni kwa ajili ya brashi ya kupakia povu la kunyolea zaidi kuliko mashine. Brashi ya manyoya ikifungiwa kabatini ikiwa mbichi huvunda na kuanza kunyonyoka. Ikining'inizwa kichwa chini penye hewa, hukauka vizuri. Mafuta ya cherehani ni ya mwisho: tone moja kwenye meno ya mpini ukianza kukwama.

Jiki na stilwaya usiviguse kabisa. Jiki hula chuma, stilwaya huchuna kromiamu.

Nyembe zilizokwisha makali zitumbukize kwenye kopo la maziwa ulilolitoboa tundu jembamba juu. Likijaa, ligonge tundu lizibe ndipo ulitupe, mzoa taka asikatwe.