PDO ya PHP: nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoinyima

Chombo chochote kinachozungumza na hifadhidata nakipima kwanza kwa jina Ng'ang'a. Lina ritifaa mbili, na kwenye SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Ukiunga amri kwa mkono unapata hii:

INSERT INTO wateja (jina) VALUES ('Ng'ang'a')

Hifadhidata inasoma 'Ng', inaona maandishi yamekwisha, inakutana na ang isiyojulikana imetoka wapi, inagoma. Hapo una bahati, maana umeona kosa. Balaa ni pale mtu anayeujua mlango huo anapoandika kipande cha amri badala ya jina, na hifadhidata ikamtii.

PDO, chombo cha lugha ya PHP cha kuzungumza na hifadhidata, kilicho ndani yake tangu toleo la 5.1, inafaulu bila jasho:

$s = $db->prepare('INSERT INTO wateja (jina) VALUES (?)');
$s->execute(["Ng'ang'a"]);

Alama ya kuuliza inashika nafasi, jina linapelekwa kando. Mtu akijaza '; DROP TABLE wateja; -- kwenye fomu ili afute jedwali, unabaki na mteja mwenye jina la kihuni, basi.

Raha yake anaijua aliyerithi msimbo wa zamani. Kulikuwa na magic quotes, mpangilio wa PHP uliopachika mkwaju wa nyuma kwenye kila kilichotoka kwenye fomu, hata kisichokwenda kwenye hifadhidata, ndiyo maana kurasa zilijaa Ng\'ang\'a. Iliondolewa kwenye PHP 5.4 mwaka 2012. Binamu yake addslashes, amri ya PHP inayopachika mkwaju ule ule, bado yupo, na hajui hifadhidata inatumia usimbaji gani wa herufi. Kwenye GBK, usimbaji wa Kichina, baiti 0xBF ikitangulia ritifaa, mkwaju unaoongezwa, yaani 0x5C, unaungana na baiti hiyo na kuwa herufi moja ya Kichina. Ritifaa inabaki uchi. Isitoshe, mkwaju hauna maana moja kila mahali: SQL sanifu inataka ritifaa irudiwe, 'Ng''ang''a', hifadhidata ya MySQL kwa kawaida inakubali njia zote mbili, na ile ya PostgreSQL tangu toleo la 9.1 inauona mkwaju kuwa herufi kama nyingine, labda utangulize E mbele ya maandishi. Nani ana muda wa kukumbuka yote hayo saa nane usiku?

Sasa ile nyota. Ukiunganisha PDO na MySQL bila kugusa mipangilio, prepare haiandai chochote kwenye seva. PDO inaigiza tu: yenyewe inakinga thamani, yaani inazima nguvu ya ritifaa zake, inazipachika ndani ya amri, kisha inatuma kitu kizima. Inafanya vizuri, mradi uandike charset=utf8mb4 kwenye maelezo ya muunganisho ili ijue inakinga herufi zipi. Lakini chombo kikisema kimeandaa, mimi nataka kiwe kimeandaa kweli. Weka PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES kuwa false. Hiyo hiyo inaondoa kioja cha LIMIT ?, kikomo cha mistari inayorudishwa, ambapo thamani ulizopitisha kwenye execute zinageuka maandishi, LIMIT '10', na MySQL inakataa. Gharama yake ni kwamba kishika nafasi chenye jina, kama :jina, hutakitumia tena mara mbili kwenye amri moja.

Jambo linalowachanganya wengi ni majina ya safu na majedwali. Hayo PDO haiyagusi. Andika ORDER BY ?, pitisha jina la safu, na uigizaji ukiwa umewashwa utapata ORDER BY 'jina': unapanga kwa neno lisilobadilika, yaani hupangi kabisa, wala hakuna kosa linalotokea. Usikimbilie quote(), nayo inazungushia ritifaa zile zile. Andika orodha ya safu unazoruhusu, linganisha, chochote kingine kataa.

LIKE, ya kutafuta kwa kipande cha neno, nayo iangalie. % na _, zinazosimama badala ya herufi zozote, zinapita kwenye kishika nafasi zikiwa na nguvu zake zote, kwa hiyo ukizungushia asilimia kama tulivyozoea, anayetafuta 50% ataletewa kila kilicho na 50. Kuzikinga ni kazi yako.

Na kuna hili ambalo silihesabu kwenye nyota kwa sababu PDO haina hatia: simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda, ’, si ile nyoofu. Kwa SQL hiyo ni herufi ya kawaida, inaingia kimya. Mwezi ujao mhudumu anatafuta Ng'ang'a na mfumo unamwambia hayupo, wakati Ng’ang’a amekaa pale pale kwenye jedwali. Zigeuze zote ziwe za aina moja kabla ya kuhifadhi, na ufanye vivyo hivyo kwenye sanduku la kutafutia.