Klasi au funkisheni: uunde vipi objekti katika JavaScript?

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Dodoma hubishana sana: ili kuunda objekti (kifurushi cha data na kazi zake), utumie `class`, yaani klasi, kiolezo cha objekti, au funkisheni ya kawaida inayorudisha objekti? Chukua programu ya mkulima wa zabibu wa Hombolo, ambamo kila kreti ya zabibu ni objekti. Kwa kumbukumbu ya kompyuta, klasi inashinda: methodi (kazi ya objekti) `uza()` inakaa mahali pamoja, kwenye prototaipu, yaani objekti mama ambayo nyingine huazima kazi zake, na kreti 10,000 zote zinaitumia. Funkisheni huunda `uza()` mpya kwa kila kreti.

Lakini ukiikabidhi `setTimeout` (amri ya kuendesha kazi baada ya muda) ile `kreti.uza` ya klasi, `this`, neno linaloelekeza kwenye kreti yenyewe, inapotea, na hitilafu hiyo inatesa wanaoanza. Funkisheni isiyogusa `this` haina shida hiyo. Kuficha bei isiguswe na msimbo wa nje? Njia hizi mbili zinalingana tangu alama ya `#`, inayoficha data ndani ya klasi, iingie kwenye kanuni za lugha mwaka 2022.

Una objekti nyingi, au wenzako wamezoea Java, lugha inayotegemea klasi? Klasi. Ukurasa mdogo wenye vitufe vingi? Mimi ningeanza na funkisheni.