Mashine ya kutembelea kwa sisi tunaokaa karibu na bahari

Nakaa Raskazone, na kwa miaka mingi nilimcheka mtu wa Tanga anayenunua mashine ya kutembelea, ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, wakati barabara ya pwani ipo, haina kiingilio. Kisha presha ikanipata, daktari akataka nitembee nusu saa kila siku, na masika nayo yakaingia. Natembea siku mbili, wiki nzima nachungulia mvua dirishani.

Ya kwanza niliinunua mpya dukani kwa shilingi 950,000. Skrini kubwa, inapiga muziki, ubavuni imeandikwa 3 HP, yaani nguvu ya farasi watatu. Nikaiweka barazani nipate upepo. Hapo ndipo nilipokosea, maana upepo wenyewe ndio wenye chumvi. Mwezi wa pili skrubu zilikuwa nyekundu, mwezi wa tatu mkanda ukaanza kulia kila nikikanyaga. Mimi kwa akili zangu nikaona kitu kikilia kinataka mafuta, nikautia mafuta ya nazi. Msicheke.

Fundi alipokuja aliulegeza mkanda, akapitisha kidole chini yake, kikatoka na uji mweusi. Akanusa.

"Mama, shikamoo tena. Humu ulikuwa unakaanga samaki?"

"Nazi tu, mwanangu."

Akanieleza taratibu, bila kunicheka usoni. Kati ya mkanda na ubao wake hupakwa mafuta ya silikoni, basi. Mafuta ya kula yanashikana na vumbi, mkanda unagoma kuteleza, mota inavuta kwa shida na kupata moto mpaka bodi ya umeme inaungua. Yangu ilikuwa imeshaungua. Na ile 3 HP? Ilikuwa nguvu ya kilele, ya kufika sekunde chache tu. Nguvu ya kudumu, ambayo mota inaweza kuishikilia muda wote ukiwa juu yake, kitabu chake kilisema 1.5. Mimi nina kilo 91. Waja leo, waondoka leo, mashine ikaondoka hivyo. Muuza duka alisema waranti haihusu kutu, na baada ya hapo simu yangu haikupokelewa tena.

Hii ya sasa nimeinunua iliyotumika, kwa milioni mbili na laki tatu. Jina la chapa silitaji, kwa kuwa chapa ileile hutoa nzito na nyepesi, ukafuata jina ukaangukia nyepesi. Niliyoangalia ni haya. Nguvu ya kudumu ni 3 HP. Kwa kutembea peke yake 2 ingenitosha, lakini kijana wangu anakimbia. Mkanda una upana wa sentimita 51 na urefu wa 152. Ile ya zamani ilikuwa fupi na upana wake 40, kijana akikimbia goti linagonga mbele na mguu unakanyaga pembeni. Kibandiko kinasema inabeba kilo 150, na volti ni 220 hadi 240. Hiyo ya volti isomeni vizuri, maana zipo za Marekani za volti 110 zinazouzwa rahisi, halafu unaanza kuhangaikia transfoma.

Kabla ya kulipa nilifanya jaribio alilonifundisha fundi. Muuzaji alitaka kunionyesha mbio, nikamwambia hapana baba, weka kilomita 3 kwa saa. Mtu mzito akitembea polepole ndipo mota dhaifu inapojulikana: kila kisigino kikitua, mkanda unasita kidogo kama mtu mwenye kwikwi. Hii haikusita. Nilitembea dakika 20, nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha mota, vuguvugu tu.

Iliingia nyumbani kwa wanaume wanne na matusi kidogo mlangoni. Iko chumba cha ndani, juu ya zulia la mpira, na imechomekwa ukutani kupitia stabilaiza, bila ekstensheni, kwa sababu umeme wetu hupanda na kushuka. Ukikatika ghafla mkanda nao unasimama, kwa hiyo mkono mmoja uwe karibu na nguzo. Kile kifunguo chenye kamba, kinachosimamisha mashine kikichomoka, nakibana kwenye nguo kila siku, hata kama nina haraka.

Mwaka wa tatu huu. Nafuta vumbi kila Ijumaa, na silikoni natia kila baada ya miezi mitatu. Mkanda una tabia ya kuhamia kulia. Nakaza skrubu ya nyuma iliyo upande huohuo wa kulia robo mzunguko, naiacha itembee dakika mbili, naangalia tena. Ukikaza sana unahamia kushoto, na asubuhi yako imeishia hapo.

Kasoro zake: haikunjiki, imekula nusu ya chumba, na kitufe cha kuongeza mwinuko lazima ukibonyeze mara mbili. Kijana akikimbia saa kumi na moja alfajiri, jirani wa ukuta wa pili anaamka. Tumekubaliana aanze saa kumi na mbili.