Shule ya Kijerumani na Kiingereza hapa Arusha, baada ya mabadiliko

Madereva wenzangu wa utalii wamekuwa wakiniuliza kama ile shule ya Kijerumani na Kiingereza bado inafaa baada ya mambo kubadilishwa. Nimeona niandike mara moja, nisirudie maelezo kila ninapokutana na mtu sheli. Jina la shule silitaji. Nina malalamiko yangu humu, na wanangu wawili bado wako pale, mmoja darasa la pili, mwingine la tano. Anayetafuta shule ya namna hiyo Arusha ataifikia tu.

Mimi ni Mchaga wa Old Moshi, makazi Njiro, kazi yangu kuongoza wageni wanaoongea Kijerumani. Lugha yao niliipata ukubwani, kwa taabu, na mpaka leo Kijerumani changu ni cha simba, tembo na kuomba radhi gari likikwama. Nilitaka wanangu wakipate mapema. Mke wangu ni nesi, yeye anachoangalia ni hesabu na kama mtoto amekula. Kwa hiyo haya ni maoni ya nyumba nzima, ingawa anayeandika ni mimi.

Zamani shule ile ilifundisha karibu kila kitu kwa Kijerumani mpaka darasa la nne, halafu basi. Kwa Wajerumani hesabu hiyo inaeleweka: kwao shule ya msingi ni miaka minne katika majimbo mengi (Berlin na Brandenburg ni sita), kisha mtoto anapelekwa kwenye aina ya sekondari inayomfaa. Mzazi Mjerumani aliyekuja Arusha kwa mkataba wa miaka mitatu anarudi kwao, na mtoto anaendelea alipoishia. Sisi turudi wapi? Mtoto wa Kitanzania alikuwa akimaliza pale hana Kiingereza cha kutosha, Kiswahili cha kuandika hana, na upimaji wa taifa wa darasa la nne hajaufanya. Jirani yangu alimhamisha binti yake, akamrudisha darasa moja nyuma, na tuisheni juu.

Sasa masomo yamegawanywa. Lugha na maarifa ya mazingira ni kwa Kijerumani, hesabu na sayansi kwa Kiingereza, na Kiswahili ni lazima kwa kila mtoto, awe Mjerumani, Mmeru au mchanganyiko. Shule inakwenda mpaka darasa la sita, jambo linaloendana na sera yetu ya elimu, toleo la 2023, inayoipeleka elimu ya msingi kwenye miaka sita. Hapo wametusikia.

Kiswahili ndicho kilichonishangaza. Mwanzoni kilikuwa klabu ya mchana, watoto wanaimba nyimbo mbili za wanyama na kwenda nyumbani. Sasa wana mwalimu, mama mmoja wa Tanga asiye na mchezo, na wanaandika insha. Rafiki wa mwanangu, kijana wa Kijerumani wa miaka kumi, alikuja kwetu Jumamosi moja akamkuta mama mkwe sebuleni. Akampa shikamoo yake vizuri, akakaa, halafu kwa ghafla:

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Nyumba yangu haina mlango.”

Bibi anajua ni yai tangu kabla baba yake huyo kijana hajazaliwa, lakini akajishika kidevu, akafikiri, akashindwa. Kijana akadai mji. Bibi akasema nakupa Berlin. “Berlin sitaki, bibi. Nipe Moshi.” Akapewa Moshi na ndizi mbivu juu. Mtoto huyo mwaka juzi alikuwa akimwonyesha dada wa basi maji kwa kidole.

Upande wa Kijerumani chenyewe, sasa, hapo ndipo ninaponung’unika. Vipindi vimepungua, hilo tuliambiwa mapema na tulikubali. Ambalo hatukukubali ni kwamba mwalimu wa darasa la tano alipoondoka, muhula karibu mzima watoto walifundishwa na kijana wa kujitolea, wale wanaokuja kwa mwaka mmoja wakiwa ndio kwanza wamemaliza sekondari kwao. Kijana mwenyewe mzuri, ana bidii, watoto wanampenda. Lakini mimi silipi ada ya mwalimu ili mtoto wangu afundishwe na kaka. Kwenye kikao tuliambiwa suala la kibali cha kazi liko kwenye mchakato, na ukumbi mzima ukaguna kwa lugha zote tatu.

Kuna na suala la vyeti. Wazazi wengi wanadhani mtoto akisoma pale anatoka na karatasi ya kumfikisha chuo kikuu cha Ujerumani. Hapana. Ile diploma ya Kijerumani ya shuleni, inayojulikana kama DSD, ina hatua mbili. Ya kwanza inapima kiwango cha A2 na B1, ya pili B2 na C1 (ngazi za lugha za Ulaya zinaanzia A1 ya chini mpaka C2 ya juu), na hiyo ya pili ndiyo inayokubalika vyuoni kama uthibitisho wa lugha. Lakini inatolewa na shule zilizoidhinishwa na mamlaka za Kijerumani tu, na yetu haimo. Wanachofanya kwa sasa ni kuwaandaa watoto wa darasa la sita kwa mitihani ya vijana ya Goethe, taasisi ya lugha na utamaduni ya Kijerumani, iitwayo Fit in Deutsch, ambayo ni ya kuanzia miaka kumi hivi. Kwa kuanzia si mbaya, mradi mzazi ajue kwamba hiyo ni A1 na A2, yaani mtoto anaweza kujieleza na kununua mkate.

Anayetaka Abitur kamili, ule mtihani wa Kijerumani wa kumaliza sekondari unaofungua mlango wa chuo kikuu, aangalie Nairobi, Deutsche Schule, mwendo wa kuvuka Namanga. Ile inabeba jina la Michael Grzimek, na sisi waongoza wageni tunamfahamu vizuri: ndege yake ndogo yenye michirizi ya pundamilia iligongana na tai Serengeti, Januari 1959, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, lile jiwe lenye umbo la piramidi ambapo wageni husimama kupiga picha. Baba yake Bernhard naye amezikwa hapo.

Kilichobadilika kuliko vyote ni somo la historia. Wamelitoa Ulaya wakalileta mlimani. Darasa la tano na la sita sasa wanasoma utawala wa Wajerumani hapa kwetu: boma la Arusha, Maji Maji, Mangi Meli, yule mtawala wa Wachaga wa Old Moshi. Kikao cha kujadili hilo kilikuwa kirefu. Mzazi mmoja Mjerumani alisimama, kwa heshima kabisa, akasema watoto wa miaka kumi na moja ni wadogo mno kusikia habari za kunyonga watu. Mama mmoja wa Kichaga aliyekaa nyuma akamjibu bila kusimama: “Wangu ameisikia jikoni kwa bibi yake tangu ana miaka mitano.” Hoja ikaishia hapo.

Wakaenda Old Moshi, kwenye mti ambao wazee wanasimulia kuwa Meli alinyongwa hapo, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Nilikwenda nao kama mzazi msindikizaji. Mwalimu wa Kijerumani alisoma maelezo kwa lugha yake, yule mama wa Tanga akasoma kwa Kiswahili, na hakuna aliyepunguza kitu. Mtoto mmoja akauliza kichwa cha Meli kiko wapi. Mwalimu Mjerumani akajibu kwamba inaaminika kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani na mpaka leo hakijapatikana. Akaongeza kuwa mwaka 2023 vipimo vya DNA kule Berlin viliunganisha mafuvu mengine yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni na koo zilizo hai hapa Kilimanjaro, na kwamba Novemba mwaka huohuo rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Uso ulikuwa mwekundu lakini sauti haikutetereka. Binti yangu aliandika ripoti ya ziara kwa Kijerumani, kisha akamsomea mama yangu akitafsiri sentensi kwa sentensi. Mama akauliza swali moja: “Na huyo mwalimu alisema hayo mbele yenu?” Mbele yetu, bibi. Nimesoma shule za serikali tangu chekechea mpaka kidato cha nne, na hatukuwahi kupelekwa kwenye mti ule ulio mwendo wa miguu kutoka nyumbani.

Maisha ya jumuiya pale ni mazuri, na yana vituko vyake. Novemba 11, siku ya Mtakatifu Martin, watoto huandamana jioni na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe, wakiimba. Ujerumani wakati huo ni baridi. Huku ni vuli, na karatasi na vuli havipatani. Sasa wazazi wameanza kutengeneza taa kwa chupa za maji zilizokatwa, ndani balbu ndogo ya sola, na zinatoka vizuri kuliko zile za karatasi. Kwenye igizo, Martin anakata joho lake kwa upanga na kumpa maskini nusu. Joho halikuwepo, wakamwazima mlinzi wa geti shuka lake jekundu. Mzee yule anaheshimika pale kuliko mkurugenzi. Akalitoa, ila akamuuliza mwalimu, “Mnaigiza, sivyo? Hamkati kweli.” “Hatukati, mzee.” Akasimama kando ya jukwaa mpaka upanga wa mbao uliporudishwa sandukuni.

Halafu ile sherehe ya kiangazi ya mwezi Juni. Wanaoijua Arusha ya Juni wameshacheka. Miaka yote tulikuwa tunakula saladi ya viazi tumevaa makoti, watoto wanatetemeka kwenye mashindano ya maji. Kamati ya wazazi imeisogeza Februari, na siku hizi mtori, kiburu na mishikaki viko meza moja na soseji za kuchoma. Mauzo ya keki yanakwenda kwenye mfuko wa watoto waliokwama ada. Anayesaidiwa hatajwi, na hilo nalipongeza.

Mawasiliano ni udhaifu wao mkubwa. Tangazo la kubadilisha saa za gari la shule lilitoka kwa Kijerumani Jumatatu. Tafsiri ya Kiswahili ilikuja Jumatano. Gari lilibadilika Jumanne. Tulikuwa na wazazi barabarani Njiro wamesimama na watoto, wanapigiana simu. Kundi la WhatsApp nalo lina watu wanaojibu kila ujumbe kwa ua.

Alama pia muwaandae wazee. Kwa Wajerumani 1 ni bora kabisa na 6 ndiyo ya chini kabisa. Mwanangu alipeleka 2 ya kusoma kwa bibi yake kwa furaha, bibi akanipigia kuuliza kama mtoto anaumwa. Ripoti mpya zina maelezo kwa maneno chini ya kila alama, afadhali.

Kwa sisi wa utalii, jambo la kupima ni kalenda. Mwaka wao wa masomo unaanza Agosti, likizo ndefu ni Julai, wakati mimi niko porini na mke wangu ana zamu. Sasa wameanzisha kambi ya likizo ya wiki tatu: kuogelea, useremala, kupanda miti, mambo ya mikono. Inalipiwa kando lakini bei yake inavumilika, na peke yake imenizuia kuwahamisha watoto. Desemba ndiyo shida. Likizo ni ya wiki mbili na kidogo, na Mchaga anatakiwa aonekane nyumbani mapema, migomba isafishwe, mbuzi atafutwe. Tumeomba waongeze wiki moja. Wanafikiria.

Ada ni kubwa, tusidanganyane, ila namna ya kulipa imekuwa ya kibinadamu. Tangu kanuni za 2025 zilipokataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, ankara inakuja kwa shilingi, na wamekubali awamu nne badala ya mbili. Mtu ambaye pesa yake inaingia kuanzia Juni mpaka Oktoba anaelewa maana yake.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda kuandikisha, uliza nani hasa atamfundisha mwanao Kijerumani na mkataba wake unaisha lini. Wakikupa jibu la jumla, uliza tena. Na kama unakaa Kisongo au kuvuka Usa River, hakikisha gari linafika kwanza ndipo ulipe, maana fomu inasema “Arusha na vitongoji” na dereva ana maoni yake kuhusu vitongoji. Darasa la tano tumeahidiwa mwalimu mpya Januari.