TAHADHARI: Mwanamume anayeuza "fedha" (silva, madini ya mapambo) ya bei nafuu Mji wa Kale, Mombasa. Mimi nimeshalizwa

Naandika haya mikono inatetemeka kwa hasira. Nilikuwa natafuta fedha ya mapambo ya mikononi ya mwanangu Mwanaidi, kwa harusi yake.

Ijumaa baada ya swala alitukuta barazani. Kanzu safi, sauti ya chini, akamwamkia mamangu shikamoo kwa adabu. Akafungua kitambaa chekundu, ndani mna donge jeupe linalometa, juu lina michoro kama nyota na manyoya ya ndege. "Mama, nyota hii ndiyo alama ya fedha ambayo haijachanganywa." Akatoa sumaku, haikushika. Akaweka mizanini, nusu kilo kamili. Alianzia 60,000, akashuka hadi 45,000 kwa sababu eti mtoto wake amelazwa. Nikamhesabia noti mkononi, na dua nikamwombea mtoto! Ningeshuku nini? Zito, linang'aa, halina doa jeusi hata moja.

Jumatatu nikalipeleka kwa sonara Kibokoni. Akaliweka juu ya fuawe, akaligonga nyundo mara moja. Mara moja tu! Likapasuka kama sahani, vipande vikaniangukia miguuni, ndani vina vibapa vinavyometameta. Fedha hufuliwa mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, haipasuki. Kijipande alichokitia motoni kiliyeyuka upesi, kikatoa moshi mweupe, akanivuta nje haraka. Wateja wote wananitazama. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Lile donge ni antimoni, madini yale yanayochanganywa na madini ya risasi ili sahani za betri za gari ziwe ngumu. Huyeyuka kwa nyuzi joto 631 za Selsiasi, fedha mpaka 962. Moshi wake ni sumu, ni ya ukoo mmoja na aseniki. Na mimi nilitaka kumvisha mwanangu mikononi!

Huyu mtu akamatwe, afungwe, arudishe kila senti, na jina la mtoto mgonjwa asilitaje tena. Polisi nimeandikisha, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituoni) ninayo. Simu yake haipatikani tangu Jumamosi.

Sonara alinambia mengine, nayaweka kama nilivyoyashika. Sumaku isikudanganye, haishiki fedha wala antimoni. Ile nyota hutokea antimoni ikiganda polepole. Donge langu lilijaa kiganja. Fedha ya nusu kilo ingekuwa kama theluthi mbili tu ya hilo. Barafu ukiiweka juu ya fedha huyeyuka papo hapo, juu ya hii hukawia. Na msikubali kununua kabla sonara hajaigonga mbele ya muuzaji.

Ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, na nimesikia ameonekana akielekea Malindi. Mlioko huko, mkiona kitambaa chekundu, piteni kituoni kwanza kisha mnipigie.