Waranti ya ziada niliyoinunulia RX-8 yangu: wamelipa, kwa mbinde

Nianze na jibu, maana najua ndilo linalotafutwa: ndiyo, injini nimebadilishiwa. Gari inakwenda, na pesa iliyonitoka ni kidogo kuliko ambayo ingenitoka bila ile karatasi. Lakini karatasi hiyo hiyo ingemwangukia mtu asiye na tabia ya kusoma maandishi madogo ya chini, mpaka leo angekuwa anagombania siti ya daladala. Jina la yadi siliandiki. Tumeshamalizana, tumepeana mikono, na aliyenunua gari Unguja miaka hii pengine keshatiwa mkononi karatasi kama hii, au atatiwa.

Gari yenyewe ni Mazda RX-8 ya 2005, gia sita za mkono, ile yenye nguvu farasi 250. Mie ni mhasibu wa hoteli kule Paje, nyumbani Mombasa, hii yetu ya Unguja. Kila siku ya kazi napita Tunguu, Jozani, Kitogani, jioni narudi njia ile ile. Zamani nilikuwa na Vitz, ikanichosha roho. Hii nimeinunua kwa sababu naipenda, basi, na wanaoniuliza sheli kama ni ya mume wangu nawajibu kwamba mume wangu ndiye aliyerithi Vitz.

Yadi wanakupa miezi mitatu ya bure. Ukitaka zaidi unanunua waranti ya ziada ya miaka miwili, injini na giaboksi, shilingi 1,200,000. Kikomo chao ni milioni tano kwa dai moja, na asilimia 20 ya gharama unalipa wewe. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 na risiti zihifadhiwe. Injini ikifa wanaleta nyingine iliyotumika, "ya aina ile ile", na ile iliyokufa inakuwa mali yao. Halafu kuna kifungu cha nne: uchakavu wa kawaida haulipwi. Nilipokisoma kile nilijua mapema kwamba siku ya dai ndicho kitakachotolewa kwanza, na ndivyo ilivyokuwa.

Kwa gari nyingine nisingetoa milioni na ushei kwa karatasi. Kwa hii nilitoa, na sababu iko ndani ya injini. RX-8 haina pistoni, injini yake ni ya aina inayoitwa rotari. Ina nyumba mbili zenye umbo la nambari nane iliyonona, na ndani ya kila moja inazunguka rota ya pembe tatu. Zote mbili pamoja hazifiki hata lita moja na nusu, lakini hii ya kwangu unaivuta mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika na bado inataka. (Kila mwenye gari hii lazima akutajie kwamba Mazda walishinda Le Mans mwaka 1991 kwa injini ya rotari. Basi na mie nimetaja.) Kwenye kila ncha ya rota kuna sili nyembamba, mafundi wanaiita apeksi sili, na hiyo inakwangua ukuta wa nyumba yake maisha yake yote. Ili isikauke, injini inadunga oili kidogo kidogo ndani, makusudi, ikaungua pamoja na petroli. Kwa hiyo RX-8 kula oili ni kawaida yake. Mie kila nikijaza tangi mara ya pili natoa dipstiki naangalia, hata nikiwa nimevaa baibui la harusini.

Kuna na hili ambalo wauzaji hawakwambii: usiiwashe ikiwa ya baridi, ukaisogeza hatua mbili, ukaizima. Petroli inalowesha plagi, na kuiwasha tena ni kazi. Mitaa yetu ndiyo hiyo, kila saa mtu anakugongea mlango, "bi, sogeza gari mkokoteni upite." Kwangu inasukumwa. Watoto wa jirani wameshazoea, wanakuja wenyewe.

Sili zikichakaa kompresheni, yaani ile hewa inayobanwa ndani ya injini, inavuja, na dalili yake ni moja maarufu: asubuhi inawaka vizuri, lakini ikishapata moto ukaizima, haiwaki tena mpaka ipoe. Si siri ya mtu. Mazda wenyewe, kwa RX-8 walizouza Marekani za mwaka 2004 mpaka 2008, waliongeza waranti ya injini ya rotari ikawa miaka minane au maili 100,000. Mtoto wa dada yangu alisoma habari hizo akanijia mbio, "Mamdogo, waandikie Mazda!" Ahadi ile ilikuwa ya magari ya Marekani, ikihesabiwa tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza. Yangu imetoka Japani, imetumika, imeshuka bandarini Malindi na umri wake. Wa kumdai ni aliyeniuzia karatasi.

Kwangu ilitokea Kitogani. Nilisimama kununua ndizi, nikarudi, starta inazunguka kwa mbio nyepesi kama haina kazi ya kufanya, na injini haishiki. Brekidauni mpaka mjini shilingi 150,000, na hiyo waranti hailipi. Iandikeni hiyo.

Hapa sasa ndipo penye utamu wenyewe. Fundi wa yadi akatoa plagi, akachomeka geji ya kompresheni, akapiga starta. Mshale ukapanda ukakaa kwenye pauni 110. Kiwango cha chini cha kiwanda ni kilopaskali 680, karibu pauni 99. "Dada, injini nzima hii. Badilisha koili." Wala hakuwa anasema upuuzi, maana koili za RX-8, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zinajulikana kwa kufa mapema. Ila koili zangu zote nne zilikuwa mpya, plagi mpya, risiti ziko kwenye faili. Akaandika "imepita" kwenye fomu. Mie sikutia saini.

Nikamwita mzee mmoja wa Mwanakwerekwe, fundi wa siku nyingi, aliyewahi kufanya kazi kwenye meli. Aliiangalia ile geji, akacheka kidogo. "Mwanangu, geji hii ya pistoni. Ina kivalvu ndani kinachozuia upepo usirudi. Rota ina nyuso tatu. Mshale umekukalia kwenye uso ulio bora, hizo mbili nyingine hujaziona." Akakifungua kile kivalvu kwa kifunguo cha valvu ya tairi, cha baiskeli tu, akaitoa sindano yake, akaurudisha mpira wa geji kwenye tundu la plagi. Akaniambia washa simu, rekodi mshale, mwendo wa polepole. Kisha akamwambia kijana akanyage mafuta mpaka chini na kupiga starta, huku pampu ya petroli wameizima.

Rota ya mbele: mshale ukaruka, ukaruka, ukaruka, sawasawa. Rota ya nyuma: ukaruka, ukaruka, halafu ukatikisika tu. Ukaruka, ukaruka, ukatikisika. Bila kivalvu namba hazina maana, akasema, unalinganisha mruko na mruko. Hata masikio yalitosha, kwenye tundu la plagi unasikia pufu, pufu, fss. Fundi wa yadi alisimama pale pale, aliona. Akafuta "imepita" kwa mkono wake mwenyewe, na kwa hilo nampa heshima yake.

Kampuni iliyo nyuma ya waranti iko Dar. Nikawatumia video. Baada ya wiki kadhaa za "tunalifanyia kazi" akaja mkaguzi kwa boti na kifaa cha kupimia rotari hasa, kinachotoa namba tatu kwa kila rota. Kwanza akaiacha injini ipate moto, kama inavyotakiwa. Uso ule dhaifu ulitoka kilopaskali 520. Kijana mpole, hakutia chumvi wala hakupunguza, aliandika alichokiona akanipa nakala kabla hajaondoka.

Halafu, kama nilivyosema, kifungu cha nne. Barua ikaja: uchakavu wa kawaida, poleni. Nikawajibu kwa kifungu chao cha saba, kisemacho kwamba injini ikishuka chini ya kiwango cha chini cha kiwanda itahesabiwa imekufa na itabadilishwa. Hakuna mahali kinaposema "isipokuwa". Nikaambatisha risiti zote za oili na kilomita zake. Nikaenda yadi mwenyewe nikiwa na faili, nikakaa. Bosi akatoka, akaliangalia lile faili, "Bi mkubwa, utatuua kwa risiti." Akapiga simu Dar mbele yangu. Siku hiyo hiyo wakakubali.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Injini ikaletwa, imefungwa nailoni, nzuri kwa macho. Mzee wangu akafungua maingilio ya hewa akaanza kuhesabu matundu kwa kidole. Manne. RX-8 za nguvu farasi 250 zina milango sita ya kuingizia hewa. Za nguvu ndogo, zikiwemo za otomatiki za miaka ile, zina minne. Kwa nje mtu anaweza kuzichanganya. "Si zote 13B?" akauliza muuzaji, na kweli zote ni 13B, ndilo jina la injini hizi kiwandani. Ila mkataba umesema aina ile ile, na mie nimelipia gari ya milango sita. Ikarudi ilikotoka. Ya pili ilikuja kwa kontena kutoka Dubai, na safari hii nilikataa isipandishwe kabla haijapimwa pale chini. Nyuso sita, zote juu ya 680, iliyo dhaifu 740. Hapo nikatia saini.

Hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Injini na ufundi vilifika 4,200,000. Asilimia 20 yangu ni 840,000. Ukijumlisha na bei ya waranti nimetoa 2,040,000. Nimeokoa milioni mbili na laki moja na elfu sitini, toa brekidauni. Muda sikuuhesabu, na nauli za daladala za kwenda Paje sizitaji, mume wangu atacheka.

Nawapa nyota tatu na nusu. Binti wao wa mapokezi peke yake angepata tano, alikuwa anajibu ujumbe hata usiku na hakuwahi kunidanganya. Nusu nimeikata kwa ile barua ya kifungu cha nne, ambayo naamini wanamtumia kila mtu wakingoja nani atakata tamaa. Nyota nzima nimeikata kwa ile injini ya milango minne.

Kama gari yako ni Vitz, IST au Noah, sioni kwa nini ununue. Injini zake zimejaa mjini na kila fundi anaijua. Kwa gari ya michezo ambayo spea zake zinasafiri, nunua, ila kabla hujalipa waambie waandike kwenye mkataba injini itapimwa kwa kifaa gani na ikiwa ya moto au ya baridi. Namba ya aina ya injini iandikwe yote, na kwa RX-8 idadi ya milango pia. Wakikataa kuandika, chukua ile miezi mitatu ya bure uende zako.

Injini ya zamani wameichukua, mkataba ndivyo unavyosema. Koili nne zilikuwa zangu, mpya, kwa hiyo nilizidai. Tatu nimepewa. Ya nne wanasema inatafutwa stoo, na kila Ijumaa namkumbusha yule binti.